Mguu wa Kambo Anna

Siku ile tulikuwa watu wanne katika stoo ya kanisa kule Molenbeek, Brussels: Mkuu wa Karakana ya kukarabati sanaa za kale, ambaye ni mama Mflemi aliyening'iniza miwani shingoni; Monsieur mpiga picha; Maman Véronique, aliyetunza sakristia, na mimi, mbeba mizigo, ambaye kazi nilikuwa nimeianza asubuhi hiyohiyo. Paroko alitufungulia mlango akaenda kuzika mtu.

Tulikuwa tumefuata kabati lililoliwa na wadudu. Tulipolivuta, nyuma yake alikuwa ameketi bibi mzima mweupe pe, amempakata binti yake, naye binti amempakata mtoto. Alikuwa Mtakatifu Anna, mama yake Maria. Wote pale walidhani ni sanamu ya jasi, kwa jinsi alivyopakwa rangi nene. Maman Véronique alimwita Kambo, kama tunavyowaita mabibi zetu kwetu Katanga, na kila Jumamosi alipenyeza mkono nyuma ya kabati, akampaka mguu wa kulia matone ya mawese, kama mzee aliyetoka kuoga.

Mkuu alipiga magoti. Pale mguuni rangi ilikuwa imekwisha kwa kusuguliwa.

"Hii si jasi," alisema. "Huu ni mwaloni. Huyu mama amefichwa."

Mchana huohuo Kambo alikuwa amefungwa mablanketi, tayari kwenda Laeken, kwenye karakana yetu. Maman Véronique aliniangalia mimi, maana alishasikia lafudhi yangu ya Lubumbashi.

"Alors, kama singemupakaa mafuta, mungemuacha?"

Nilikaza kamba ya blanketi, naye akamshika Kambo kama mtu aliyezoea kuongea naye:

"Njo yeye minasemeshaka tangu nilizika mutoto wangu. Mutamurudisha?"

"Atarudi, maman."

Mbeba mizigo wa siku moja, nikaahidi kitu kisicho changu. Lakini mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikalea wadogo zangu watatu, nao walizoea kwamba nikisema chakula kipo, kipo. Sikujua namna nyingine ya kusema neno.

Kambo alisubiri zamu yake rafuni miaka mingi. Nami nikapanda taratibu: kutoka kubeba, nikawekwa kwa Fundi Mbao, mzee mkali aliyenifundisha kujaza matundu ya wadudu, kisha Mkuu akaniita kwenye chumba cha rangi. Kila nilipokutana na Maman Véronique baada ya misa, swali lilikuwa lile lile: "Bon, anarudia lini?"

Zamu ilipofika, tulianza na eksirei, tuone misumari na nyufa za ndani. Halafu tukafungua madirisha, yaani vipande vidogo vya kujaribia, kila kimoja kikiteremka tabaka moja la rangi. Rangi nene tuliiondoa kwa kisu cha daktari wa upasuaji, chini ya hadubini. Palipokuwa na vipande vinavyobanduka tuliweka gundi ya kibofu cha samaki, ambayo inashika bila kukaza. Na uchafu wa mwisho, ule uliolala juu ya rangi ya asili, tuliusafisha kwa mate. Msicheke. Mate ya mtu mzima mwenye afya, kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti, husafisha kwa upole kuliko dawa nyingi za dukani.

"Mate yako ni chombo cha kazi," Mkuu alinionya. "Kahawa hapana, sigara hapana, na ile pilipili yenu pia hapana."

Nyumbani Evere wadogo zangu walilalamikia kisamvu kisicho na pilipili. "Yaani tunakula sombe ya hospitali sababu ya Bibi wa watu?" Lakini walikula, mpaka kazi ilipokwisha.

Uso ulitoka polepole. Mashavu ya mama aliyechoka na kuridhika, kitambaa chenye ukingo wa dhahabu, mikunjo ya nguo iliyoanguka kwa mtindo wa zama za Renesansi. Chini ya kiti tukakuta chapa ya nyundo ndogo, ambayo wachongaji wa Brussels waliigonga kwenye kazi iliyopita ukaguzi. Karakana nzima ilipiga makofi. Lakini siku chache baadaye makumbusho yalimtaka.

Nilimwambia Mkuu habari ya ahadi yangu. Alivua miwani, akasema, "Ungeniuliza kwanza." Hata hivyo alikwenda kwenye kikao, akasema kwamba mwaloni huu ulishazoea hewa ya kanisa lile, na kwamba unaweza kuishi pale kwa masharti: mbali na kipasha joto, nyuma ya kamba, na asiguswe. Mguu hatukuupaka rangi. "Mikono ya watu nayo ni sehemu ya historia yake," alisema. Wakakubali.

Siku ya kumrudisha, Maman Véronique alikuwa anatembelea fimbo. Alimtazama sana.

"Kumbe alikuwa anacheka," alisema. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mguuni: "Hata kidole kimoja?"

"Hata kimoja, Madame," Mkuu alijibu.

"Na huyu?" Fimbo ikanielekea.

"Huyu ndiyo, kwa brashi."

"Bon. Sasa mwanaume njo ataogesha Kambo. Dunia imeisha."

Nimestaafu sasa, na kazi ile moja waliniachia. Kila Jumamosi huenda na brashi ya manyoya laini, naye Maman Véronique hukaa kiti cha mbele akiniamuru. "Katikati ya vidole, umepita? Pita tena." Napita tena. Nina furaha, nilipata kazi nzuri, na pilipili nakula.

Ila ninapoweka brashi mfukoni huwa namwona Maman ameufungua mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Kambo nilimrudisha. Mguu wake, ambao Maman hagusi tena, bado ninadaiwa.