Mlango wa Kuku wa Ghorofa ya Tatu

Mume wangu Gaudiosi hupanga mizigo ghalani siku nzima hapa Louisville. Akirudi nyumbani, mtaa wa Okolona, anajifungia chumba cha pili, kwenye meza yake, anachora saketi. Katika miaka sita ya ndoa yetu amebuni kengele ya maharage yanayoungua, taa inayowaka mtu akipiga chafya, na redio ambayo mpaka leo haina mfuniko. Hakuna hata kimoja kilichokamilika. Ukimuuliza, anakwambia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikojifunzia ufundi, redio ikishapona, mwenyewe anakuja kuichukua, na raha yote anaondoka nayo. Visingizio havijawahi kumpungukia.

Basi mama yangu, Kostansia, akapiga simu kutoka Buffalo: anahamia kwetu Jumamosi. Chumba cha kumpa ni hicho hicho cha meza. Nikamwambia Gaudiosi meza inatoka, na nyaya zote na madaftari yanaenda kwa watu wa taka Jumatatu. Hakubisha. Mtu asiyebisha anaudhi kuliko mgomvi! Nikaikunja meza kwa hasira, vitu vyake nikavitia kwenye masanduku, nikayapanga karibu na mlango.

Mama alifika, akala, kisha akayaona masanduku. Akafungua daftari la juu.

"Hiki nini, mkwe wangu?"

"Mlango, mama. Jua likizama unajifunga wenyewe."

"Unaweza kufunga banda la kuku?"

Gaudiosi akachukua kalamu. Kufumba na kufumbua wako sakafuni, mama anaamuru fito zikae wapi, mkwe anachora mota, wanabishana kama wauza nyanya. Nikaona niwakumbushe kwamba tunaishi ghorofa ya tatu.

"Mama, kwani kuku wenyewe wako wapi?"

"Waliliwa na kicheche kule kambini. Kumi na wanne, kwa usiku mmoja, mlango umesahauliwa wazi. Ndio niliotaka kuwauza nikununulie sare ya shule." Alisema bila kuinua kichwa. "Tangu hapo nautengeneza mlango huu moyoni, ila mambo ya nyaya siyajui."

Nilimwonea mama uchungu, na nikampenda mume wangu kuliko siku ya harusi. Nikaikunjua meza mwenyewe, nikaibana kando ya kitanda cha mama.

"Haya, mlango utakuwa tayari lini?" nikauliza.

"Usimharakishe mtoto wa watu," mama akanijibu. "Ukikamilika, itabidi nitafute kuku."