Siku Niliyoomba Hadi Wakwe Wakaondoka

Hii aibu nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana hapa Kitengela siku hizi nikipita dukani wananiuliza kama nimemaliza kuomba.

Mnajua masikio yangu yalizima kabisa nikabaki mtu wa kuguswa bega, hadi madaktari wakaniwekea kifaa ndani ya fuvu, na kwa nje nikapewa kidude cha mviringo chenye sumaku, kinajishika hapa juu ya sikio, na kikitoka tu dunia yote inanyamaza. Nilikubali kupasuliwa kwa sababu moja, nimsikie binti yangu Wambui akisema "nakubali" kanisani. Na kilifanya kazi jamani, siku ya kwanza nilisikia chai ikimiminwa kikombeni nikalia.

Basi wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kutoka Kajiado kwa mazungumzo ya mahari. Mke wangu akaniambia, "Baba Wambui, wakifika tu waambie uko na mashine, waongee mmoja mmoja." Mimi nikaona watanidharau, nikavaa kofia ya sufu nikaivuta hadi masikioni (na jua lile la Kitengela mnalijua).

Wageni wakaingia, wazee na shuka zao, sukari, mablanketi, tukasalimiana kwa Kimaasai, sopa, sopa, nikawasikia wote vizuri nikajisifu moyoni. Mke wangu akarudi jikoni, pasta wao akasema tusimame tuombe. Sasa mwanamume haombi na kofia kichwani, nikaivua kwa heshima zote, na kidude, kumbe kilikuwa kimenasa kwenye bitana, kikaenda nayo. Kimya.

Ningesema hapo hapo yangeisha. Lakini nikawaza, nikianza kupekua kofia katikati ya maombi watajua, wacha nifumbe macho tu. Baadaye nikachungulia kwa jicho moja, nikaona wote wamesimama wamefumba, nikafumba tena, nikimshangaa huyo pasta kwa pumzi aliyo nayo. (Nilielezwa baadaye kwamba alikuwa amesema amina kitambo, wakaketi, wakaona mwenyeji bado nimeinama, na kwa sababu hakuna anayethubutu kumgusa mtu anayeomba, wakasimama tena, pasta akaanza upya, akamaliza, akaanza tena.) Mimi nisionekane baridi nikawa natikisa kichwa kushoto na kulia kwa uchungu, kama mtu aliyeguswa na Roho, na wakati huo huo Mzee Lemayian, msemaji wao, alikuwa amechoka akaamua kuuliza, "Baba Wambui, tunaomba ruhusa tuanze. Umetukubali?" Nikatikisa kichwa. Akauliza tena. Nikatikisa zaidi.

Nilipofumbua macho viti vilikuwa vitupu, wakwe wanaelekea getini na sukari yao, na Wambui amesimama mlangoni analia, midomo inasema kitu nisichokisikia. Nikawakimbilia kofia mkononi nikiita, "Rudini!" (asiyejisikia hajui anapiga kelele kiasi gani, wanasema ilikuwa kama nafukuza ng'ombe), nikawapungia ile kofia, na kidude kikachomoka kikanata kwenye geti la chuma.

Wakasimama wote wakakikodolea macho. Mzee Lemayian akakibandua taratibu, akatazama kovu langu nyuma ya sikio, akanikabidhi. Nikakirudisha mahali pake. Sauti ya kwanza niliyosikia ni ya Wambui: "Baba, mbona umewakataa?" Niliumia kuliko siku niliyoacha kusikia.

Nikawaeleza kila kitu hapo getini bila kuficha. Mzee Lemayian akaligusa goti lake kwa fimbo.

"Hili nalo ni la chuma, niliwekewa mwaka jana," akasema. "Hata hawa sijawaambia. Ile saa yote unaomba, mimi nilikuwa naomba ukae."

Tulicheka tukirudi ndani, na kabla ya giza mahari ilikuwa imekubaliwa. Harusi ni Disemba. Kofia ile sitaivaa tena, nitakwenda kichwa wazi kidude kikionekana na watu wote, maana ile "nakubali" siikosi. Na pasta akisema tuombe nitafumba jicho moja tu, la pili litakuwa kwa Mzee Lemayian: akikaa, najua ni amina.