Ngozi ya Sarafu

Siku niliyomfahamu Chuma, alimvunja mteja taya. Mteja alisema nyama inanuka. Chuma akalaza kisu, akapangusa mikono kwenye aproni, akazunguka meza bila haraka, akampiga ngumi moja. Kisha akarudi mahali pake, akaniuliza, "Fundi, mizani imepona?"

Nilikuwa fundi wa mizani, na kibanda changu kilitazamana na bucha lake. Nikamwambia imepona. Ningesema nini?

Vijana wa mtaa humsimulia leo kama mnyama aliyeshika shoka, wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Hawakuwahi kumwona akiosha sarafu. Mimi nilimwona, na kwa kuwa hakuna mwingine atakayeandika, acha niandike mimi.

Baba yake alikuwa muuza nyama vilevile, katika chumba kilekile, juu ya gogo lilelile la kukatia. Mzee yule alikuwa na sarafu ya fedha ya zamani, kubwa, yenye uso wa mfalme ambaye hata watoto wa shule hawamjui, na alipokuwa akizungumza aliizungusha vidoleni. Mtu mmoja alimchoma kisu cha tumbo mlangoni pa bucha, kwa ugomvi wa nani alitangulia kwenye foleni. Foleni ya maini! Walipomleta nyumbani ngumi yake ilikuwa imefungwa. Mkewe akaifungua kidole kimoja kimoja, akaitoa sarafu, akaitumbukiza kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji ya mvua. Hakuisugua. Aliibadilishia maji mpaka damu ikaisha, akailaza juu ya taulo na kuigandamiza kwa kitambaa laini ikakauka. Ule weusi wa miaka mingi, wenye rangi ya samawati pembeni kama shingo ya njiwa, ukabaki palepale.

"Sarafu ina ngozi," alimwambia Chuma, aliyekuwa kijana wa kuanza kubalehe. "Ukiichuna haioti tena."

Mdogo wake Chuma alikuwa bado mgongoni.

Mama yule alikuwa na sarafu nyingine za zamani ndani ya sanduku la mbao, kila moja katika karatasi yake, na alimfundisha mwanawe kuzitunza kwa namna watu wa zamani walivyofundisha, yaani kwa mwiko. Nawa kwa sabuni kwanza, maana mkono wa muuza nyama una mafuta hata ukidhani hauna. Kausha. Tandika taulo, ili ikikuponyoka isijeruhiwe na meza. Shika ukingoni. Chuma akisahau, akashika bapa, mwiko ulitua juu ya vifundo vya vidole.

"Ukingoni! Uso wa mtu haushikwi!"

Uchafu ulioganda haukwanguliwi. Unalowekwa, usipotoka leo, unalowekwa na kesho. Siku hizi hakuna anayeloweka kitu. Kila kitu lazima king'ae, na king'ae sasa hivi. Makaburi yanapigwa vigae, vizee vinapakwa nywele rangi, na mtu akikuta chungu cha bibi yake anakipiga vanishi. Nimeishi nikaona.

Basi Chuma alikua na mikono ya aina mbili. Ile ya dukani ilipasua mbavu za ng'ombe na za binadamu. Mlevi aliyekojolea ukuta wake alitupwa mtaroni akavunjika nyonga. Mtoza ushuru alining'inizwa kwa mkanda wa suruali kwenye kulabu, katikati ya mapaja ya ng'ombe, mpaka watu wakaja kumsihi. Lakini Jumapili mchana, bucha limefungwa, mikono hiyohiyo ilinyanyua kisarafu cha shaba chenye tundu katikati kama mtu anayenyanyua kifaranga.

Mdogo wake hakuwahi kupewa hata jina la utani lake mwenyewe. Aliitwa Mdogo wa Chuma. Alilelewa kwa vibao. Akichelewa, kibao. Akikata nyama mkato wa ovyo, kibao. Siku moja kisu kilimteleza kikampasua kidole gumba cha kulia, na Chuma akamzaba kofi kwa kumwagia damu nyama ya mteja, ndipo akampeleka kushonwa. Kovu likabaki limekatiza gumba lote, mshazari, kama njia ya mkato shambani. Lakini ole wake mtu mwingine amguse yule kijana. Aliyejaribu alipoteza jicho.

Mama yao alipolazwa mara ya mwisho alimshika Chuma kifundo cha mkono.

"Nakuachia sanduku na mdogo wako," alisema. "Vyote vina ngozi nyembamba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Hujanisikia. Wewe husikia kwa ngumi. Sema tena."

"Nitavitunza vyote viwili, mama."

Wauguzi walisikia, nami nilisikia, na mdogo mtu alikuwa amesimama pale miguuni pa kitanda. Ndiyo sababu mambo yaliyofuata hayakuwa ya siri kwa mtu yeyote. Tulijua ahadi ni ipi.

Mdogo akataka bucha lake. Akapata chumba barabara ya juu, chenye vigae vyeupe na kabati la kioo lenye taa ndani. Chuma alinuna lakini alimpa visu vizuri, na ng'ombe wa kuanzia. Siku moja kabla ya bucha hilo kufunguliwa, mdogo alimvizia kaka yake ameenda machinjioni, akaingia chumba cha nyuma, akafungua sanduku. Alifungua karatasi hii na hii mpaka akaipata ile ya baba.

Nilikuwepo aliporudi nayo. Nilikuwa nimepanda kiti, nikifunga springi mpya kwenye mizani. Aliingia anacheka.

"Kaka, funga macho."

"Nina ng'ombe mzima wa kukata. Sina muda wa michezo."

"Funga, bwana! Lete mkono."

Akambandika sarafu kiganjani, bapa. Chuma akafumbua macho. Ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya. Pua ya mfalme ilikuwa imelika, na uso mzima umejaa mikwaruzo myembamba, kama uwanja uliofagiliwa kwa fagio la chelewa.

"Nimemwosha baba," alisema mdogo. "Kesho anakaa ukutani kwangu, ndani ya kioo, kila anayeingia amwone. Si unaona anavyong'aa?"

"Umemwosha na nini?"

"Dawa ya meno. Halafu waya wa sufuria, kidogo tu, kwenye kona. Alikuwa mchafu, kaka, wewe acha!"

Chuma aliigeuza sarafu. Akaigeuza tena.

"Hukumwosha," alisema. "Umemchuna."

"Aa, sarafu tu hiyo."

Ngumi ilimpata mdomoni. Nikaona jino likidunda sakafuni. Lakini yule hakuwa tena mtoto wa kupigwa akaenda kulia uani. Alitema damu, akachomoa kulabu ukutani.

"Utanipiga mpaka lini?" alipiga kelele. "Mama amekufa! Sasa anakutuma nani?"

Kulabu ikamwingia Chuma begani, ikachana aproni na nyama. Nilishuka kitini nikamshika Chuma kiunoni kutoka nyuma. Alinikung'uta kama vumbi, nikaangukia kabati. Walivutana mpaka kwenye gogo. Mdogo aliegemeza mkono juu ya gogo ili asianguke. Chuma alikuwa na shoka. Sijui alilichukua saa ngapi, kwa sababu shoka lilikuwa mkononi mwake maisha yake yote.

Lilishuka mara moja.

Gogo lile lilikuwa na damu kila siku, kwa hiyo mama mmoja aliyeingia wakati huohuo na kikapu hakuona kitu. Alisema, "Nipe nusu kilo, na leo usinibambikie mfupa." Ndipo akamwona Mdogo wa Chuma akifunga mkono kwa aproni, polepole, uso umekuwa wa majivu, na yule mama akazimia.

Hospitalini mdogo alisema alijikata akipasua mbavu. Polisi walipokuja akasema hivyohivyo. Nilimkalia kitandani, nikamwambia ana moyo mkubwa.

"Moyo gani, mzee?" alinijibu. "Jela watamlisha na kumpa watu wa kupigana nao. Mimi namtaka abaki pale, na lile sanduku lake."

Bucha la vigae halikufunguliwa. Alihama, na hakuaga.

Chuma alipona bega. Siku moja alipiga ukuta wa bucha mpaka akavunjika mifupa ya mkono, halafu hakumpiga mtu kwa kipindi kirefu, na watu walimwogopa zaidi hivyo. Sarafu ya baba aliirudisha kwenye karatasi yake. Hakujaribu kuirekebisha, hakuna dawa ya kurudisha ngozi.

Kisha akaja kibandani kwangu na kile kisarafu cha shaba chenye tundu, amekishika ukingoni.

"Fundi, niazime lenzi yako. Hiki kina nini?"

Kulikuwa na wingu dogo juu ya shaba, hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Nikamwambia ni mafuta ya mkono. Shaba hailii siku ile ile inapoguswa. Inanyamaza, halafu alama inapanda yenyewe. Nikamwambia pia kwamba bado mapema, tone la spiriti kwenye pamba, bila kusugua, linaweza kuitoa. Ikikawia itakula shaba, haitatoka.

Akaleta spiriti. Akachovya pamba. Halafu akaweka jicho kwenye lenzi tena, akakaa hivyo, na pamba ikamkaukia mkononi.

"Tazama," alisema.

Mistari ilikuwa imejikunja kama mawimbi ya mchanga, na kovu limeikatiza mshazari. Gumba la mdogo wake. Alikuwa amekishika kisarafu siku ile alipokuwa akitafuta ile ya fedha.

"Kidole chenyewe nilikifagia na mifupa, fundi," Chuma alisema. "Nilikitupia mbwa. Sikujua nafagia nini."

Akafunga chupa ya spiriti, akaniachia mezani.

Mvua nyingi zilipita. Alama ikawa hudhurungi, kisha nyeusi. Chuma akaota mvi, akabaki na hasira bila nguvu, jambo baya kuliko hasira yenye nguvu. Na alasiri moja Mdogo wa Chuma akaingia buchani, ameshiba mwili, suruali imenyooshwa, mkono wa kulia mfukoni. Nilikuwa pale kwa ajili ya mizani, kama kawaida.

"Nimekuja kuchukua fungu langu la mama," alisema. Hakusema kaka.

Chuma alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaleta sanduku, akatandika taulo juu ya gogo. Akamwekea kisarafu cha shaba mbele yake.

"Chagua unachotaka. Hiki nakuomba uniachie."

Mdogo aliinama kutazama. Alitoa mkono mfukoni, ule wenye vidole vinne, akauweka kando ya alama. Halafu akacheka kicheko kibaya, akakinyakua kisarafu, akakitemea mate, akaanza kukisugua kwenye shati. Alikisugua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Haitoki hiyo, mdogo wangu," alisema Chuma. "Imeshakula shaba."

Mdogo akamkandika ngumi ya kushoto. Ikamchana nyusi. Akamwongeza ya pili, pua ikavunjika, nikaisikia. Ya tatu ilimwangusha Chuma akakaa chini, mgongo kwenye gogo. Shoka lilikuwa juu ya gogo lile, karibu na sikio lake. Mikono aliikalia. Namaanisha aliiweka chini ya mapaja na kuikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Simama!" mdogo alipiga kelele. "Simama, mwanamume wewe! Piga!"

"Mama alisema nikutunze."

"Umechelewa!"

"Ndiyo. Nimechelewa."

Kisarafu kilikuwa kimedondoka sakafuni, na damu ya pua ilikuwa ikikidondokea. Mdogo alisimama akihema, ngumi bado imefungwa. Chuma akatoa mkono mmoja, akakiokota. Damu ilikuwa imejaa kwenye ile alama na kulifunika kovu. Akavuta pindo la aproni ili apanguse.

"Usisugue," mdogo alisema.

Chuma akainua macho.

"Usisugue, kaka. Kitie kwenye maji."

Akaenda mwenyewe nyuma kutafuta chupa. Nilimsikia akifungua makabati na kutukana, kwa sababu vitu vyote vilikuwa vimehamishwa tangu alipoondoka.