Chaki Niliyomnyang'anya Madam Sichone

Siku ya kwanza kuripoti Ndalambo nilishuka kwenye lori la mahindi na godoro, sanduku la bati na cheti cha ualimu cha daraja la chini kuliko yote. Elimu yangu darasa la saba na kozi, basi. Mwalimu Mkuu alinitazama viatu, akasema, "Wewe utafundisha la pili. Kule hawajui kuuliza."

Baada ya miaka nikawa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa ufundishaji wote shuleni: ratiba, mitihani, maandalio ya masomo. Wenye diploma waliniletea maandalio yao, nami nikayachana kwa wino mwekundu. Nani mwingine wa darasa la saba alifika pale? Mimi tu.

Lakini kusimamia watu hatukufundwa. Leo unafundisha vizuri, kesho unaitwa bosi. Semina ikitokea Chitete, nafasi ilikuwa moja kwa kila shule, na aliyekwenda alipaswa kurudi kutoa mrejesho, awafundishe wenzake alichofundishwa. Zote nilikwenda mimi. Mrejesho niliutoa wakati wa chai, nimesimama, dakika tano, na vitabu vya semina nikavifungia kabatini. Nilitaka nibaki ninayejua peke yangu.

Katika semina moja Mratibu Elimu Kata alitueleza namna ya kumwangalia mwalimu akiwa darasani. "Kaa nyuma, andika, funga mdomo. Mkitoka nje, muulize yeye kwanza ameonaje somo lake. Mbele ya watoto usimguse." Niliyaandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata niliingia darasa la kwanza kwa Madam Sichone. Chumba kimejaa hadi sakafuni, wengi watoto wa wafugaji, Kiswahili wamekikuta shuleni. Alikuwa anawafundisha sauti za herufi polepole, kwa nyimbo. Nikaona anapoteza muda. Nikainuka, nikamnyang'anya chaki.

"Madam, ndivyo ulivyofundishwa hivi? Kaa nyuma uone."

Akaenda akakaa kwenye dawati. Watoto wakacheka. Nikaandika sentensi nzima ubaoni, wakaiimba baada yangu bila kujua hata herufi moja, nikatoka kifua mbele.

Kesho yake alinifuata ofisini.

"Mwalimu, nikiwakemea wananiambia nikakae nyuma. Njoo uwaambie ulikosea."

"Mimi? Niwaombe radhi watoto wa la kwanza?"

"Uwaombe. La sivyo sina darasa."

"Nenda kafundishe, Madam."

Aliomba uhamisho, na muhula ulipoisha akaondoka. Walimu wengine walilikwepa darasa lile. Kufundisha kusoma hakuna aliyewaonyesha. Vitabu vya kuwaonyesha vilikuwa kabatini kwangu, na ufunguo mfukoni.

Sasa nimestaafu kwa hiari. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tunduma, nimelijenga kwa mikono yangu. Juzi aliingia dada mmoja, mtoto mgongoni anaungua homa, chupa ya dawa mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisomee hapa. Toka jana nampa kwa kukisia."

Nikamsomea. Alikuwa anampa mara mbili ya kipimo. Nikamwambia akimbie hospitali, halafu, sijui kwa nini, nikamuuliza nani alimfundisha darasa la kwanza.

"Madam Sichone," akasema akiwa mlangoni. "Mpaka ulipomkalisha nyuma."

Daftari la Chitete ninalo bado, lipo chini ya kaunta. Ninyi mliopewa usimamizi juzi, njooni mlichukue. Ila msinisifu mwandiko.