Mfunga Mizigo wa Basi la Tanga

Jasoda hakulijua jina la mfunga mizigo, alijua mikono yake tu. Tangu gari la marehemu mumewe liuzwe, kila likizo alipandia basi stendi ya Moshi kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mto Pangani, na mzee huyo wa juu ya keria, pale mizigo inapofungwa paani, ndiye aliyemfungia begi. Huikaza kamba, huigonga kwa kidole na kutega sikio, kisha humwinamia kila abiria na kumwambia, “Utafika.” Jasoda, anayeogopa kona za njiani na kivuko cha mtoni, hulingoja neno hilo kama dawa.

Leo mzee alifunga sanduku dogo jekundu, akalifungua, akalifunga upya. Binti yake, anayekwenda kuanza kazi hotelini huko pwani, akamwita kutoka chini, “Baba, imetosha sasa!” Mzee akashuka, akamshika binti mkono. Midomo ilicheza, lile neno halikutoka. Basi lilipoondoka alitembea ubavuni mwake, kiganja kwenye bati, mpaka getini likamwacha.

Ndipo Jasoda alipokumbuka kwamba hata yeye leo hakuambiwa, “Utafika.”