Benedicte na Treni ya Meno

Benedicte aliiunguza treni ya baba yake mchana kweupe, mbele ya watu wapatao arobaini, kwa sababu ya kunogewa na sifa.

Ilikuwa sherehe ya komunyo ya kwanza ya mpwa wake, hapo Bwera, katika nyumba waliyopanga tangu walipovuka mpaka wakitoka pande za Butembo, Kongo. Wageni walipokwisha kushiba, wakataka waone ile treni ndogo waliyokuwa wakiisikia tu. Benedicte akaitoa, akaijaza maji, akawasha taa ya spiriti chini ya boila, na mvuke ulipokomaa akaiachia kwenye duara la reli uani. Watu wakapiga makofi. Ikazunguka mara ya kwanza, mara ya pili. "Tena, mama! Tena!" Kichwa kikamvimba. Akawa anaeleza huku na huku, akijibu maswali ya huyu na yule, na macho yake hayakurudi kwenye kile kioo chembamba kinachoonyesha maji yamebaki kiasi gani.

Maji yalikuwa yamekwisha. Moto ukapata shaba tupu. Risasi ya kulehemu iliyounganisha boila ikayeyuka na kudondoka matone matone kwenye reli, mvuke ukatoka kwa kishindo cha pumzi, na treni ikasimama. Wageni wakashangilia zaidi, wakidhani ndiyo mwisho wa maonyesho. Mzee Sosthène pekee, baba yake, aliinuka kitini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Treni ile ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, mara mbili. Sosthène aliiunda mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja, alipokuwa akifundisha ufundi wa chuma katika shule ya misheni huko Butembo. Alikuwa ameona picha katika gazeti kuukuu la mapadre: treni ya kushusha magogo milimani. Haikufanana na treni nyingine. Silinda zake mbili zilisimama wima ubavuni, zikizungusha shafti ndefu iliyopita kando ya magurudumu, na kwenye kila ekseli gia ndogo iliumana na gia ya shafti, meno kwa meno. Kwa hiyo magurudumu yote yalivuta, hakuna lililokokotwa tu. Haina mbio, lakini ina nguvu. "Yetu ni nchi ya milima," Sosthène alikuwa akisema. "Treni ya kukimbia tutaipeleka wapi?"

Vita vilipowafukuza, aliacha kitanda, akaacha redio, akaibeba treni ndani ya sufuria kubwa, imefungwa kwa kitenge. Pale mpakani Mpondwe askari mmoja aliuona uzito wa ile sufuria akaghadhibika.

"Fungua! Nini hiyo?"

"Iko treni, afande."

Askari akachungulia, akaita wenzake, na foleni ya watu wenye magodoro na kuku ikasubiri mpaka wote wamekwisha kulizungusha gurudumu kwa kidole. Katika kupokezana huko ikaanguka, na jino moja la gia ya mbele likakatika. Tangu siku hiyo ilikuwa ikitembea kwa kuchechemea, tik-tik-tak, tik-tik-tak. Sosthène hakuweza kuitengeneza tena, maana mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Benedicte ndiye aliyebaki kuitunza. Yeye ni fundi wa kutengeneza cherehani sokoni Bwera, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na mafuta ya mashine hayamtoki kwenye kucha hata siku ya misa.

Asubuhi iliyofuata sherehe alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Papa, maji ilikwisha na sikuangalia. Iko kosa yangu."

Mzee alikuwa akitazama ukuta. "Ukamate hiyo chuma, upeleke kwa bale banauzaka vyuma. Mutu akikufa, banamuzika."

"Haiko mutu, papa. Iko boila. Boila inatengenezwaka."

"Na nani? Mimi na hii mikono?"

"Na miye."

Mzee akacheka, na kicheko kile kilimuuma Benedicte kuliko tusi. Alichukua treni akaiweka juu ya meza ya kazi, akaanza kuifungua skrubu moja moja, akizipanga katika vifuniko vya chupa ili zisichanganyike. Akajiambia kwamba hatamwambia mzee neno jingine juu ya treni mpaka itembee. Kama hatafaulu, basi wataizika wote wawili.

Tatizo la kwanza lilikuwa risasi. Sosthène alitumia risasi laini kwa kuwa hakuwa na nyingine, nayo haivumilii moto boila ikikauka. Benedicte alitaka lehemu ya fedha, ile ngumu. Akaulizia sokoni, na muuza vipuri mmoja akamwambia wanaoijua lehemu hiyo ni mafundi wa friji. Hivyo akapanda gari hadi Kasese, kwa Muniru, fundi wa friji mwenye kibanda nyuma ya msikiti.

Muniru aliigeuza boila iliyoungua, akapitisha kidole kwenye mshono. "Mama, hii si kutengeneza. Hii ni kutengeneza mpya."

"Basi unifundishe mupya."

"Wewe mwenyewe?"

"Miye mwenyewe. Ukinifanyia, ikiharibika nitarudi kwako kila siku. Ukinifundisha, utapumuzika."

Muniru alicheka, akamsogezea kigoda. Alimpatia kipande kirefu cha bomba nene la shaba nyekundu, pana kama kikombe cha chai, kilichotoka katika chumba cha barafu cha wauza samaki wa Katwe. Kila Jumanne, siku ambayo soko la Bwera hulala, Benedicte alikwenda Kasese. Alijifunza kuisugua shaba mpaka ing'ae, kuipaka dawa ya kulehemu, na kuipasha yote kwa pamoja, si mahali pamoja, mpaka iwe na wekundu wa pilipili iliyoiva ndipo aguse kijiti cha fedha. Ukiharakisha, fedha inajikunja kama tone la maji kwenye jani la muhogo na kukataa kuingia.

Boila ya kwanza aliitoboa kwa moto. Ya pili mshono wake ulionekana mzuri kwa nje, lakini Muniru alipoukata kwa msumeno wakakuta ndani pana mapengo. Benedicte aliutazama ule mpasuko. Kazi ya majuma matano. Kisha akauliza, "Bomba imebaki?"

"Imebaki ya mara moja tu, mama."

"Inatosha."

Ya tatu aliilehemu peke yake. Hata Muniru alitoka nje akamwacha.

Sasa ilibidi ipimwe, na boila haipimwi kwa mvuke kwanza, kwa sababu ikipasuka na mvuke inaua. Inapimwa kwa maji baridi. Wakaijaza maji mpaka pomoni, pasibaki hewa hata kidogo, wakafunga geji ya kupima shinikizo waliyoazima gereji ya jirani, na Benedicte akasukuma maji kwa pampu ndogo ya mkono ya treni yenyewe. Treni hufanya kazi geji ikiwa kwenye tatu, hivyo boila ilipaswa kuvumilia sita. Kwenye nne, ushanga wa maji ukajitokeza penye shina la filimbi. Akafungua, akalehemu tena hapo, akasubiri ipoe, akapima upya. Nne. Tano. Sita. Wakaiacha hapo kwa muda wa Muniru kwenda kuswali adhuhuri na kurudi. Sindano ya geji haikushuka.

"Alhamdulillahi," Muniru akasema.

"Amina," Benedicte akajibu, akajifuta uso kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na masizi.

Ilibaki gia. Alijaza pengo la jino kwa shaba ya njano, akaibana gia kwenye jiriwa, na kwa majuma mawili akalichonga jino jipya kwa tupa ya sindano, baada ya kufunga duka. Alikuwa akipaka masizi ya taa kwenye meno, anazungusha, anatazama masizi yamefutika wapi, anakwaruza hapo tu. Alipoizungusha shafti kwa vidole na kusikia inapita bila kugonga, aliizungusha tena mara ishirini kwa raha tu.

Huko Kasese habari zilikuwa zimemfikia Musitafa, mzee wa miaka sabini na kitu aliyewahi kuchochea moto katika treni za mvuke, enzi zilipokuwa bado zinafika stesheni ya Kasese. Benedicte alipompelekea Muniru treni iliyokamilika, mzee huyo alikuja kibandani akaitazama pande zote, fimbo nyuma ya mgongo.

"Treni gani ina meno kama saa? Hii ni kichezeo. Kwa mlima haiwezi."

"Kwa mulima njo kwabo, muzee," Benedicte akamwambia, akimaanisha mlimani ndiko kwao treni ile. "Kuja Bwera Jumapili, nitakuonyesha."

Alikuwa amesema kabla ya kufikiri, lakini neno likishatoka halirudi. Juma lile alipigilia reli za chuma bapa juu ya mbao, akazilaza kwenye mteremko wa ua, kutoka mlangoni hadi penye choo cha jirani: hatua kumi na nne, na kila hatua inapanda kiganja kimoja. Behewa la kuvutwa alilijenga kwa kiunzi cha cherehani mbovu.

Jumapili baada ya misa Musitafa alifika kweli, pamoja na Muniru na mkewe Hanifah. Majirani wakajaa. Sosthène alikuwa ndani, mlango umefungwa. Benedicte hakumwita.

Alijaza maji ya mvua, aliyoyachuja kwa kitambaa, kwa sababu maji ya kisima huacha chokaa ndani ya boila. Akatia mafuta mazito ya silinda, akazipaka gia grisi kidogo, akaiendesha shafti kwa mkono ili kila jino lipate. Akawasha spiriti. Geji ilipofika tatu na valvu ya usalama kuanza kunong'ona, Muniru akaweka kipande cha chumvi ya Katwe kwenye behewa, kizito kama tofali. Musitafa akaongeza cha pili, akimtazama Benedicte usoni. Benedicte hakukitoa.

Akafungua mvuke kidogo. Treni ikatema maji, ikakohoa, kisha silinda zikaanza kupiga haraka haraka, kama cherehani inayoshona pindo refu, lakini magurudumu yakapanda polepole, kwa mwendo wa kinyonga. Watu wakacheka kwa mshangao: kelele ya mbio, mwendo wa mzee. Hatua ya tatu. Ya tano. Ya saba.

Hapo upepo ukaupeperusha moto, geji ikaanza kushuka, na Benedicte akaona maji kwenye kioo yamekaribia alama ya chini. Akafunga mvuke. Treni ikasimama katikati ya mlima.

"Usisimamishe!" watu wakapiga kelele. "Imebaki kidogo! Mama, endelea!"

"Bado," akasema. Akachuchumaa, akaukinga moto kwa kipande cha bati, akasukuma pampu taratibu mpaka maji yakapanda nusu ya kioo. Maji baridi yakaishusha geji zaidi. Akangoja. Mtu mmoja akasema imekwisha, twendeni. Musitafa akamgeukia kwa ukali. "Nyamaza wewe. Huyu anajua kazi. Dereva anaangalia maji kwanza, watu baadaye."

Kuondoka juu ya mteremko, na mzigo nyuma, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Geji ikarudi tatu. Benedicte akafungua mvuke kiasi cha unywele mmoja, akaongeza unywele mwingine. Shafti ikatetemeka, ikasita, meno yakaumana, na magurudumu yote manane yakashika chuma kwa pamoja. Hayakuteleza hata kidogo. Ikaenda. Hatua ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tatu, na kichwa cha treni kikagonga gogo lililozuia mwisho wa reli.

Kelele za watu zilikuwa kubwa kiasi kwamba Benedicte hakuusikia mlango ukifunguliwa. Alipoinua macho Sosthène alikuwa amesimama kando yake, bila viatu, sikio moja ameliinamisha kwenye silinda zilizokuwa zikiendelea kupiga pu-pu-pu pale juu, magurudumu yakizunguka mahali pamoja mbele ya gogo. Alinyoosha kidole chake chenye kutetemeka, akagusa mshono wa boila, akakiondoa haraka kwa moto wake.

"Fedha?" akauliza.

"Fedha, papa."

Mzee akasikiliza tena, uso umekunjamana. "Silinda ya nyuma inachelewa," akasema. "Kidogo sana. Valvu yake umeifunga vibaya."

Baba yake hakuwa tena mtu anayezungumzia maiti. "Unasikia wapi, papa? Miye sisikii."

"Kuja hapa. Weka sikio hapa. Unasikia? Moja, mbili. Moja... mbili. Nenda ulete spana ndogo."

"Iko ya moto, papa. Tungojee ipoe."

"Basi tungojee," mzee akasema, akavuta kigoda akaketi juu ya mteremko. Musitafa akamkaribia, akajitambulisha, na kabla maji hayajapoa wazee hao wawili walikuwa tayari wanabishana juu ya mafuta ya silinda, mmoja kwa Kiswahili cha Kongo na mwingine kwa cha Kasese, hakuna aliyekubali kushindwa. Benedicte akafungua bomba la chini, akautoa uchafu wote wa boila, akaikausha treni kwa kitambaa kuanzia filimbi hadi gurudumu la mwisho. Kisha akaingia ndani kutafuta spana.