Makala Ilisema Amekufa, Nikamkuta Dukani kwa Hilali

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi moja ya Februari 2014, mwanamke aliyekwisha kufa aliingia duka la dawa la Hilali, mjini Kasulu, akaulizia vidonge.

Sitanii. Kifo chake kilikuwa kimechapishwa.

Nilimtambua kwa kovu la mkononi. Mwaka 2008, kijijini Busunzu, kifafa kilimwangusha motoni, na mimi ndiye niliyemfunga mkono ule. Nitamwita Ernesta. Baadaye nikaenda masomoni, wenzangu wakaendelea na utafiti.

Utafiti ulikuwa wa bosi wangu, Dk. Longinus, bingwa wa magonjwa ya ubongo. Nusu ya wagonjwa waliendelea na dawa ya zamani, wakiifuata zahanati. Nusu walipewa vidonge vipya, wakipelekewa nyumbani.

Matokeo: wa vidonge vipya walikufa zaidi.

Makala ya matokeo hayo ilinukuliwa na watafiti wengine mara mia mbili na kumi na mbili. Longinus akapanda cheo. Waagizaji wa dawa wakaanza kuviogopa vidonge.

"Vimekwisha, bibie," Hilali alimwambia. "Na wenye bohari hawaleti tena. Eti vinaua."

"Vinaua nani? Mimi navimeza mwaka wa tano sijaanguka!"

Nikamwita kwa jina. Akashtuka, akalifunika kovu kwa kanga.

"Ernesta, mbona kwenye karatasi zetu umekufa?"

"Mama ndiye aliyeniua."

Hilali akaacha kupanga chupa.

"Tatizo lilikuwa lile gari lenu, daktari. Ubavuni limeandikwa Utafiti wa Kifafa, halafu linapaki mlangoni kwetu kila mwezi. Mchumba wa kwanza kaliona, kala kona. Wa pili vilevile. Mama akaapa wa tatu hataliona. Mlipokuja akalia sana, akawaambia nimezikwa. Gari halikurudi."

"Na wenzako walioandikwa wamekufa?"

"Wapo. Nani angelivumilia lile gari?"

Nilikaa kwenye benchi la Hilali. Wagonjwa wa dawa ya zamani walikwenda zahanati kwa miguu yao, kama mtu yeyote mwenye malaria. Hawakuwa na sababu ya kufa. Vidonge vipya vilikuja na gari, na gari ndilo lililoua.

Nikampigia Longinus.

"Mdogo wangu, mmoja ni mmoja tu," alisema. "Una uthibitisho wake kwa maandishi?"

"Anaogopa."

"Basi una hadithi."

Kwa kanuni za kazi yetu, alikuwa sahihi.

"Bila ushahidi vidonge havirudi," nikamwambia Ernesta.

"Nikiweka dole kwenye karatasi, mume wangu atajua. Mama mkwe anadhani nameza dawa ya presha."

"Nitachapisha namba tu. Majina hayatoki."

"Na gari?"

"Haliji."

Aliitazama rafu tupu.

"Siku ya soko nitakuja na wenzangu," akasema.

Wiki ile sikutulia. Nilisoma kila makala niliyoweza kuipata kati ya zile zilizomnukuu Longinus. Moja iliitegemea nyingine, na nyingine ikamtegemea yeye. Hakuna hata moja ambayo mwandishi wake alikuwa amerudi Busunzu.

Siku ya soko wakaja tisa, kati ya marehemu kumi na wanne wa vidonge vipya. Hilali aliwakalisha nyuma ya duka, akafunga mlango.

"Astaghfirullah, duka langu limekuwa kiyama! Marehemu, sogeeni kidogo, wenzenu wakae."

"Cheka tu," mzee mmoja akamjibu. "Sisi tukiacha kuja hapa, utajua nani kafa kweli."

Ernesta akawa wa kwanza kuweka dole gumba. Wengine wakafuata.

Nilimsomea Longinus matokeo kwenye simu: ukiwatoa tisa walio hai, vidonge vipya havikuua zaidi ya dawa ya zamani. Akaniomba niirudie hesabu.

"Andika," akasema. "Jina langu liwe la kwanza. Nilichokichapisha nitakifuta mwenyewe."

Kilifutwa Agosti. Lakini vidonge havikurudi Agosti. Ernesta alikuwa ameokoteza vichache kutoka Kigoma, vikaisha. Septemba akaanguka jikoni, mbele ya mume wake, Venanti.

Miaka mitano ya siri ikaishia pale sakafuni. Akarudishwa kwa mama yake.

Januari 2015 bohari ilikubali kuagiza tena. Mwezi huohuo makala iliyofutwa ilinukuliwa mara nyingine mbili, kana kwamba haijafutwa. Masahihisho yetu yalikuwa yamenukuliwa mara moja. Niliyanukuu mimi.

Kama kuna la kujifunza hapa, ni hili: kunukuliwa si kuthibitishwa. Watu mia mbili wanaweza kurudia kosa moja kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kubisha hodi.

Vidonge vilifika Kasulu Ijumaa. Jumamosi, Hilali alipofungua duka, mteja wa kwanza alikuwa Venanti. Alitaka vya miezi miwili.

Aliuliza kama vinamezwa kabla au baada ya kula.